Nina laki tisa, nataka kusafiri nje ya nchi peke yangu kwa mara ya kwanza. Naogopa, nipeni moyo au mnikataze kabisa

binti_ipagala

Wakuu habari za saa hizi, na mbukwenyi kwa Wagogo wenzangu.

Naombeni mawazo ila tafadhali msinicheke. Mimi ni mdada wa miaka 27, nipo hapa Dodoma, Ipagala, nina kiduka cha kuchapa na kutoa kopi. Miaka yote nawachapia watu barua za viza na fomu za skolashipu wanaenda zao Uturuki, sijui China, wanarudi wamenenepa, mimi mwenyewe mbali kabisa nilikofika ni Tanga na nilienda msibani. Mwaka huu nikasema hapana. Tangu Januari kila nikifunga duka natumbukiza buku tatu, buku nne kwenye kibubu, juzi nimekipasua nikakuta laki tisa na elfu kumi na mbili, sarafu peke yake zilinikalisha kitandani saa nzima nazihesabu.

Ninachotaka ni kwenda nchi nyingine, yoyote ile, siku tano sita hivi, peke yangu. Marafiki ninao, tatizo safari zetu zote zinapangwa kwenye grupu na zinafia humo humo kwenye grupu. Pasipoti nimeshapata, ile laki moja na nusu nilishailipa mapema kwahiyo haipo kwenye hii hela.

Sasa hofu. Nilipomwambia mama akauliza "unaenda kwa nani huko?" nikamwambia siendi kwa mtu, naenda kutembea tu. Akanyamaza. Kesho yake mjomba kanipigia kutoka Manyoni ananiuliza kwa upole kabisa kama kuna mwanaume amenitumia nauli. Na ukweli hata mimi lile swali la mama limenikaa, kwa sababu nawaza mpakani wakiniuliza hivo hivo nitasema nini? Halafu kingereza changu cha kuungaunga. Halafu nasikia kwenye hosteli mnalala chumba kimoja watu sita hamjuani, sasa mtu unalalaje? Na kuna hili mtanicheka ila nalisema tu, mimi siwezi kukaa hotelini kula peke yangu, hata hapa mjini nikiwa na njaa nafungiwa chakula naenda kulia dukani, naona kama watu wote wananiangalia nimekosa mtu wa kula naye.

Niende wapi, na nianzie wapi? Au hela niongezee mashine ya kopi niache mambo ya wazungu?

zabibu_mbichi

Laki tisa nje ya nchi? Dada uza na mbuzi wawili hapo 😂 Nimekaa siti ya nyuma na karanga zangu nasubiri wajuzi.

nesi_wa_singida

Mdogo wangu karibu, na wewe zabibu tulia. Mi nimeenda Kigali mara mbili, Lusaka mara moja na Blantyre mara moja, zote kwa basi na zote peke yangu, ya kwanza nilikuwa na laki saba na nikarudi na chenji. Laki tisa inakutosha Kigali siku tano bila kujibana sana, nauli ya kwenda na kurudi itakula kama theluthi ya matumizi yako na nyingine ni kulala, kula na kuzunguka. Nchi ile hatuhitaji viza, ni Afrika Mashariki wenzetu, ila usibebe kitambulisho cha NIDA ukadhani kinatosha, pasipoti ndiyo inayogongwa.

Nimesoma hofu zako zote na nikaona ni moja tu, hujui siku ya kwanza itaendaje. Siku ya pili hakuna anayeogopa, siku ya pili unakuwa umeshajua duka la maji liko wapi na jina la yule kaka wa mapokezi. Kwahiyo panga siku ya kwanza mpaka dakika, zinazobaki ziache zijipange. Panga ufike mchana. Usiku wa kwanza uwe umeshaulipia, sio "nitatafuta nikifika". Jua utatoka stendi na nini mpaka kwenye hiyo hosteli, ramani ipakue kwenye simu kabisa isitegemee bando, na jina la mtaa liandike kwenye karatasi kwa sababu simu ina tabia ya kuzima chaji pale pale unapoihitaji.

Mi sikufanya hivo na yalinikuta. Safari yangu ya kwanza nimeshuka Nyabugogo, ndiyo stendi yao kubwa, Jumamosi asubuhi, nikakuta hakuna boda hata moja, maduka yamefungwa, barabara nyeupe kama mji umehamwa. Nilidhani kuna jambo baya limetokea, nimekaa kwenye ngazi nimekumbatia begi moyo unadunda, nikaanza kuhesabu hela ya kugeuza. Mama mmoja muuza maandazi kaniona, kaniambia kwa Kiswahili safi kabisa "dada leo Umuganda, subiri saa tano." Kumbe kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nchi nzima wanafanya kazi za pamoja asubuhi, kufagia, kuchimba mitaro, kupanda miti, na usafiri unasimama mpaka saa tano huko. Ningeangalia kalenda tu wala nisingelia. Ndiyo, nililia.

Na kuhusu lugha hapo umeshapata jibu, Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017 na ukikaa mtaa wa Nyamirambo utadhani uko Kariakoo ya kwenye mlima, Waislamu wengi, Kiswahili kila kona, chapati na chai mpaka usiku. Usiende kujificha kwenye mitaa ya watu wa mikutano, kaa Nyamirambo. Sokoni na kwa madereva wa pikipiki kuna ambao hamtaelewana, hapo onyesha ile karatasi.

Mpakani. Swali la mama yako watakuuliza kweli, na jibu ni lile lile ulilompa mama ila ulijaze: natembea, siku tano, nalala mahali fulani, narudi tarehe fulani. Basi. Wanachotaka ni kuona unajua unakoenda na una hela ya kurudia. Ile bukingi ya hosteli na tiketi ya kurudi vichape uviweke kwenye faili, wewe mwenzetu una printa, miaka yote umewachapia watu karatasi zao leo chapa za kwako. Na kadi ya njano, chanjo ya homa ya manjano, kachome mapema maana inaanza kuhesabika siku kumi baada ya kuchoma, usiende kuchoma kesho unasafiri. Ukishachoma umemaliza, ni ya maisha.

Hosteli nyingi zina chumba cha wanawake watupu, ndicho ukate. Beba kufuli yako mwenyewe, kabati utapewa ila kufuli mara nyingi wanauza. Kuhusu kulala na usiowajua, mi nimelala wodini na wagonjwa wanaokoroma miaka kumi sina ushauri, ila mdogo wangu mmoja anaziba masikio na pamba.

Sasa hili la kula peke yako ndilo nalichukulia siriasi kuliko yote. Usilibebe mpaka Kigali ukalianzie huko. Wiki mbili kabla, panda gari nenda Kondoa peke yako, nenda Kolo kaone ile michoro ya miambani, ni urithi wa dunia tangu 2006 na wengi wetu wa kanda ya kati hatujawahi kuitia machoni, nyumbani kwetu hapa hapa. Chukua mwongozo pale, panda mlima, shuka, rudi Kondoa mjini, lala gesti, na jioni kaa mezani ule. Usifungiwe. Simu weka kwenye begi, kula ugali wako na mlenda mpaka umalize. Utaona hakuna anayekuangalia, na wakikuangalia je? Ukitoka hapo umeshasafiri peke yako, Kigali ni kuongeza kilomita tu.

mzee_makulu

Mimi nitasema ambalo wengine wanaogopa kusema. Mtoto wa kike kuzunguka nchi za watu peke yake sio jambo la kushangilia. Tumesikia wangapi wamepotelea huko. Mjomba wako ana haki ya kuuliza.

nesi_wa_singida

Mzee wangu shikamoo. Wengi wa waliopotea tunaowasikia waliitwa na mtu aliyewaahidi kazi, tiketi imelipwa, pasipoti ikachukuliwa wakifika. Huyu anaenda kwa hela ya kibubu, tiketi ya kurudi mkononi, na pasipoti haitoki kwake. Ni mambo mawili tofauti. Ila kwenye la mjomba nakuunga mkono, binti mpe mjomba kopi ya ratiba yako, jina la hosteli na namba yao, na kopi ya pasipoti. Mjomba akipewa karatasi anatulia, nawajua wajomba.

dere_mstaafu

Mwanangu, mimi nimeendesha mabasi ya njia ya magharibi miaka mingi sasa napumzika Nzuguni nafuga kuku. Nikuambie mambo ya barabarani, mengine wamesema.

Kutoka Dodoma unapita Singida, Nzega, Kahama, halafu Nyakanazi, Lusahunga, Benako, unaingia Rusumo mpakani. Ni mwendo mrefu kama kilomita elfu hivi usijidanganye, na sehemu ya mwisho ni kona na malori. Mabasi ya Dar kwenda Kigali yanapita hapa kwetu kwahiyo sio lazima uende Dar. Ila hapo kwenye tiketi fungua macho. Kuna wakala mmoja, sitamtaja, aliwahi kumuuzia binti yangu tiketi ya "moja kwa moja mpaka Kigali", gari lilipofika Kahama wakashushwa wote, konda anasema gari linageuza, mtoto kakaa stendi mpaka alfajiri na nauli hajarudishiwa. Uliza maneno haya haya: gari hili lenyewe linavuka mpaka? Kama linabadilishwa, linabadilishiwa wapi na saa ngapi, na waandike kwenye tiketi. Wakianza kucheka cheka ondoka.

Omba siti ya mbele nyuma ya dereva, upande wa dirisha. Begi lenye pasipoti na hela halipandi juu wala haliingii kwenye buti, linakaa kwenye mapaja yako hata ukilala, pitisha mkanda wake mguuni.

Na hili lisikilize vizuri sana. Mpakani, au hata kabla, atakuja mtu mzuri mwenye heshima zake, anaweza kuwa mama mtu mzima, atakuomba umshikie kifurushi kidogo tu umvushie, atasema yeye ana mizigo mingi. Kataa. Usimwonee aibu, usimwelezee, sema hapana na usogee. Nimeona vijana wakiteremshwa kwenye gari langu kwa mzigo ambao hata hawakujua ndani kuna nini, na kwa askari wa forodha neno "nimeshikia" halipo.

Rusumo siku hizi raha, zamani unahangaika ofisi ya huku kisha ya kule, sasa ni jengo moja, kutoka kwenye dirisha hili unaenda dirisha linalofuata. Wale jamaa wa kubadilisha hela wanaokufuata na mabunda mkononi waache, badilisha kidogo tu dukani panapoeleweka, nyingine Kigali. Faranga yao ina nguvu kidogo kuliko shilingi yetu, ukiona bei ya elfu tatu usifurahi haraka. Vile vinailoni vyako vya karanga kula uvimalize kabla, wale watu mifuko ya plastiki waliipiga marufuku tangu 2008 na wanakagua. Ukivuka daraja gari linahamia kulia, hapo abiria wageni wote wanashtuka wanadhani dereva amesinzia. Angalia chini upande wa mto utaona maporomoko, maji yale yale siku hizi yanazalisha umeme megawati 80 tunagawana sisi, Rwanda na Burundi.

Na saa. Ukivuka rudisha saa moja nyuma. Simu itajirekebisha ikipata mtandao, saa ya mkononi haitajirekebisha.

kwea_pipa

Mbona mnamwozesha binti kwa basi? Kama anataka nje ya nchi kweli, Malaysia Watanzania tunaingia bila viza na ukishafika chakula cha mtaani ni bei ya mama ntilie. Mimi nimekwenda.

Ila nisimpotoshe, kwa laki tisa hapana. Tiketi peke yake inazidi hiyo mara kadhaa, unapitia Addis au Doha, na tatizo la ndege ni kwamba pesa yote unaitoa siku moja kabla hujaondoka, basi unaweza kupunguza njiani. Halafu hapo kaunta ya ndege, Dar, kabla hata hujamwona mtu wa Malaysia, wanakuuliza tiketi ya kurudi na unalala wapi, huna, hupandi. Na ile kadi yao ya kidijitali ya kuingia inajazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, ni bure, kuna tovuti za matapeli zinakutoza ukizifuata. Weka kibubu kingine dada, hiyo iwe ya miaka miwili mbele. Kigali safi kwa kuanzia, wala sio kwa mabaya.

Kitu ambacho hawajakuambia: beba sweta. Sisi watu wa Dodoma tumezoea jua na tambarare, Kigali ni milima mitupu, ukitembea robo saa mapaja yanawaka moto na jioni kibaridi.

binti_ipagala

Jamani asanteni, nimesoma yote mara mbili na kuna mambo nimeyachapa nimebandika ukutani dukani. Mzee Makulu shikamoo, nimekuelewa pia. Mjomba nimempa karatasi kama dada nesi alivyosema, ameikunja kaiweka kwenye mfuko wa shati, kasema "sawa, ukifika uniambie."

Naanza na Kolo Jumamosi hii.

binti_ipagala

Wakuu naleta mrejesho, nipo Nyamirambo muda huu naandika.

Kolo nilienda. Kupanda mlima sawa, michoro sawa, kuna watu wamechorwa wembamba warefu vichwa kama vimefungwa vilemba, nimesimama pale mpaka mwongozo akakohoa. Kwenye kula nilikaa Kondoa mezani nikaagiza kuku, dakika tano za kwanza nilijifanya nasoma risiti. Halafu njaa ikashinda aibu. Kuku alikuwa mgumu lakini nimemaliza.

Safari ya huku, gari limechelewa kutoka Dodoma karibu saa mbili nzima, sijalala mpaka Nzega. Baba mmoja kanisemesha njia yote kuhusu bei ya alizeti, sikumwambia nasafiri peke yangu, nilimwambia kaka yangu ananipokea, Mungu anisamehe. Yule mama wa kifurushi alikuja kweli! Benako hapo tulipochimba dawa, mama ana kitenge kizuri, ana sauti ya kubembeleza, nikasema hapana nikasogea kama dere alivyosema, miguu inatetemeka. Akaenda kwa mwingine.

Dirishani nilikuwa nimekariri jibu langu lote, natembea siku tano nalala mahali fulani narudi tarehe fulani. Afisa kafungua pasipoti kaniuliza "mara ya kwanza?" nikamjibu "natembea siku tano." Kacheka. Kaangalia faili langu kagonga muhuri. Nimesogea pembeni nikaufungua ule ukurasa nikauangalia tena, wino bado mbichi ukanichafua kidole gumba.

Pikipiki za hapa kila abiria anapewa helmeti yake na mnapanda mmoja tu, nilivyozoea mshikaki wa Ipagala nikajisogeza nipishe wa nyuma, dereva kageuka ananishangaa. Chumba tuko wadada wanne, mmoja kutoka Bujumbura anakoroma, pamba nilikuwa nayo.

Jana usiku nimekaa nje kwenye kimgahawa cha mteremkoni nikaagiza mshikaki wa mbuzi na ndizi za kuchoma, meza yangu peke yangu, simu kwenye begi. Nimekula taratibu. Mama kapiga video baadaye, hakuuliza kitu kingine, kauliza umekula, nikamgeuzia kamera nikamwonyesha vijiti vitupu. Halafu kaniambia nimuulizie vitenge.

Dada nesi nina swali, kesho nataka kwenda ile kumbukumbu ya mauaji ya kimbari Gisozi. Naweza kwenda asubuhi halafu mchana nikaenda soko la Kimironko, au muda hautatosha?

nesi_wa_singida

Muda unatosha, sio mbali, chukua pikipiki. Kuingia ni bure. Lakini soko liweke siku nyingine mdogo wangu. Pale wamezikwa watu zaidi ya laki mbili na nusu, na kuna chumba cha picha za watoto, kila mmoja na chakula alichopenda. Mi nilipotoka nilikaa kwenye bustani yao mpaka mchana sikuweza kwenda popote. Nenda asubuhi, usipange kitu baada ya hapo. Vitenge vya mama kesho kutwa.